Mkwe wa Ufilipino: Hati kwanza, mahari baadaye

Zamani kijana wa Suji akienda mbali kutafuta mchumba, alishuka Makanya au alivuka milima hadi Gonja. Siku hizi watoto wako Doha, Dubai na Muscat, wanafanya kazi hotelini na hospitalini, na wenzao wa zamu ni Wafilipino. Wengine wameifuata elimu ya kanisa huko huko Ufilipino. Waadventista wana chuo kikuu Silang, mkoani Cavite, na mji huo huo una taasisi yao ya masomo ya juu, AIIAS, ambako Waafrika wengi husomea uchungaji. Kwa hiyo simu ya "Mama, nimepata mchumba, ni Mfilipino" haimshangazi mtu sana.

Swali la kwanza la ukoo huwa ni dini. Suji ni kijiji cha Wasabato tangu enzi za wamisheni wa Kijerumani, waliofika Upare mwaka 1903. Jibu likiwa "ni wa kwetu, amebatizwa", nyumba nzima inatulia, mshenga anateuliwa na wajomba wanaanza kuhesabu mbuzi. Hapo ndipo wazazi wanapokosea mpangilio. Swali la kwanza lingekuwa hili: je, mtu huyu yuko huru kisheria kuoa au kuolewa?

Sababu ni kwamba Ufilipino haina sheria ya talaka kwa raia wake walio wengi. Waislamu wa huko wana sheria yao inayoruhusu, lakini Mkristo aliyekosana na mwenzake hana mlango huo. Anachoweza ni kwenda mahakamani kuomba ndoa itamkwe kuwa batili, kesi inayokula muda na fedha, na wengi hawaimudu. Matokeo yake wapo watu walioachana kwa matendo miaka kumi iliyopita, kila mmoja kwake, lakini kwenye vitabu vya serikali bado ni mume na mke. Mtu wa namna hiyo akisema "sina mtu", huenda hadanganyi kwa moyo wake. Anamaanisha nyumbani kwake hakuna mtu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiangalii moyo. Mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine, na mwanamke mwenye mume hawezi kuolewa tena. Ikifungwa, ndoa hiyo ni batili tangu siku ile ile, hata kama kwaya tatu ziliimba na mchungaji alitoka makao makuu.

Kwa bahati nzuri jambo hili linaweza kuhakikiwa. Mamlaka ya takwimu ya Ufilipino, ambayo ndiyo inayotunza kumbukumbu za vizazi na ndoa, hutoa hati iitwayo CENOMAR kwa mtu asiye na ndoa iliyosajiliwa. Aliyewahi kufunga ndoa, kumbukumbu zake zitaonyesha hivyo. Mfilipino anayetaka kufunga ndoa nje ya nchi yake huichukua hati hiyo na kuipeleka ubalozini kwao, naye hupewa barua ya kuthibitisha kwamba hana kizuizi. Mjane alete cheti cha kifo. Aliyebatilishiwa ndoa alete hukumu ya mahakama. Mshenga mwenye busara anaweza kuomba karatasi hizi bila kumvunjia mtu heshima, maana msajili wa ndoa ataziomba tu.

Harusi ikifanyika Tanzania, wachumba wanatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kufunga ndoa angalau siku 21 kabla, nayo hutangazwa ili mwenye kujua kizuizi aseme. Familia nyingi husahau hizo siku 21. Kijana anapata likizo ya wiki tatu, anatua Kilimanjaro na mchumba wake, kadi zimeshachapwa, kumbe taarifa haijapelekwa popote. Msajili Mkuu, aliye chini ya RITA, anaweza kuruhusu muda huo upunguzwe, lakini hilo huombwa kwa sababu na mapema. Mchungaji naye lazima awe na leseni ya serikali ya kufungisha ndoa, na mashahidi wasipungue wawili.

Wakiamua kufungia Ufilipino, mzigo unahamia kwa mtoto wa Suji. Sheria ya familia ya huko inamtaka mgeni alete cheti cha uwezo wa kuoa kutoka kwa ubalozi wa nchi yake, kisha ombi lao hubandikwa hadharani siku 10 kabla ya kibali kutolewa. Mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 21 lazima awe na ridhaa ya wazazi. Ndoa iliyofungwa huko kwa kufuata taratibu zao hutambuliwa Tanzania, mradi wote wawili walikuwa na sifa za kuoana.

Upande wa kanisa mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa Wafilipino walio wengi ni Wakatoliki. Mwongozo wa Kanisa la Waadventista unawasihi wachungaji wasifungishe ndoa ya muumini na mtu wa imani nyingine. Parokia inaweza kuifungisha kwa ruhusa ya askofu, ila yule Mkatoliki huahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Babu aliyekuwa mzee wa kanisa Suji miaka thelathini ana haki ya kulisikia hilo kabla ya harusi, si siku ya ubatizo wa mjukuu. Kufunga ndoa kwa Mkuu wa Wilaya Same ni halali kwa serikali, lakini Mkatoliki asiyepata ruhusa ya kanisa lake atahesabiwa huko kuwa hajafunga ndoa. Kumbatiza mtu haraka haraka ili harusi ipite ni njia ambayo mchungaji makini ataikataa.

Mahari nayo isigeuzwe ukuta. Sheria inasema wazi kwamba kutokamilisha mila za mahari hakubatilishi ndoa. Wafilipino wenyewe wana desturi ya familia ya kijana kwenda kwa wazazi wa binti kuomba, pamoja na chakula walichobeba, kwa hiyo mshenga hatakuwa kiumbe cha ajabu kwao.

Liko pia suala la kuishi. Mke mgeni wa Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake, ila ataacha wa kwao, kwani Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mume mgeni wa binti wa Kitanzania hana njia hiyo. Yeye huishi kwa kibali, na akitaka uraia hupitia mlango wa wageni wengine wote. Na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Baba anayetaka kuwapa maharusi kishamba cha migomba pale Suji akiandike kwa jina la mwanawe, na mkwe aelezwe sababu yake mapema, kabla hajaanza kujenga.