Difu, Tairi na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hutumika sana kuwasifu mafundi, lakini ni nadra kukumbukwa lugha inapojadiliwa. Aghalabu husikika madai, hata miongoni mwa wasomi, kwamba Kiswahili hakijapevuka kiasi cha kueleza mitambo, na kwamba kifae kubakia katika ushairi na salamu. Makala haya yanashikilia kwamba upungufu uliopo si wa maneno bali ni wa mazoea ya kueleza. Ili kulithibitisha hilo si lazima kutazama kiwanda; chatosha kigari cha kuchezea kinachoongozwa kwa rimoti, na namna tairi na difu zake zinavyorekebishwa.

Kwa msomaji aliye Kisumu, njia fupi ya kukielewa kigari hicho ni kuanza na tuktuk. Chombo hiki kina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na haya ya nyuma ndiyo yanayosukumwa na injini. Tuseme tuktuk inakata kona ya robo duara, gurudumu la ndani likiwa mita 4 kutoka kitovu cha duara na la nje mita 5. La ndani litakwenda takriban mita 6.3, ilhali la nje litakwenda takriban mita 7.9. Lau magurudumu hayo yangefungwa pamoja kwenye ekseli moja isiyogawanyika, mojawapo lingeburutwa, tairi lingeliwa upesi na chombo kingekaidi kugeuka. Difu ndiyo iletayo suluhu: ni mtambo wa gia ulio baina ya magurudumu mawili, unaoyapa yote nguvu huku ukiyaruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti.

Hata hivyo, fadhila ya difu ndiyo kasoro yake. Gurudumu moja likizama katika udongo mweusi wa nyanda za Kano wakati wa masika, hilo ndilo huzunguka bure, na lile lililo mahali pakavu hukosa nguvu ya kukikwamua chombo. Kasoro hii ndiyo anayopambana nayo mwenye kigari cha rimoti cha mashindano. Difu za vigari vingi vya aina hiyo hufungwa zisivuje, kisha hutiwa mafuta ya silikoni yenye viwango mbalimbali vya mnato. Mafuta yakiwa mepesi, gia huachana kwa urahisi: kigari hugeuka vyema, lakini gurudumu lililoinuka huzunguka bure. Yakiwa mazito kama asali, gia huzuiwa kuachana: kigari huvuta kwa nguvu kinapotoka konani, ila huwa kigumu kugeuza. Vigari vya kipimo cha 1 kwa 8 vinavyosukumwa na magurudumu yote manne kwa kawaida huwa na difu tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, na kila moja huweza kutiwa mafuta yake.

Kabla ya difu, lakini, fundi mwerevu huanza na tairi, kwani difu hugawa tu nguvu ambayo tairi zinaweza kuifikisha ardhini. Mpira laini hushika ardhi vyema lakini huisha haraka. Mpira mgumu hudumu lakini huserereka. Kashata ndefu zilizoachana hujichimbia katika udongo uliolegea, nazo kashata fupi zilizosongamana hufaa ardhi ngumu. Kashata hizo fupi zikipelekwa matopeni, hujaa udongo na tairi likawa sawa na kipara. Kanuni nyingine ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ama sivyo haitajulikana ni lipi lililoleta nafuu.

Maelezo hayo yametolewa kwa Kiswahili pasipo kukwama. Hebu maneno yake yachunguzwe. Mnato limetokana na kunata, kitenzi kinachojulikana na kila aliyewahi kushika ulimbo. Kashata ni kitafunio cha nazi au njugu, na jina lake limehamishiwa vipande vya mpira vilivyo juu ya tairi. Kipara limetoka kichwani mwa mtu likaenda garini. Tairi na difu ni maneno ya mkopo. Basi istilahi zimepatikana kwa unyambuaji, kwa sitiari na kwa ukopaji, njia zile zile zinazofundishwa darasani.

Wapo watakaopinga kwamba difu si Kiswahili. Hoja hiyo haina mashiko. Kiswahili kilipokea meza kutoka Kireno, shule kutoka Kijerumani, na neno gari lenyewe kutoka Kihindi. Hata Kiingereza kilichota jina la mtambo huo kutoka Kilatini. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba lugha ya gereji za Kisumu imechanganyika na Kidholuo, Kiingereza na Sheng. Ni kweli. Lakini mchanganyiko huo ni sababu ya kufanya utafiti, wala si sababu ya kuukwepa. Kazi ya msomi ni kupepeta, naye hawezi kupepeta asichokusanya.

Anayeumia kwa kuchelewa huku ni kijana anayejifunza ufundi chini ya jua kali. Mikono yake inaifungua difu na kuifunga, lakini vitabu vinavyoeleza kwa nini inafanya kazi vimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hadhi hiyo haitamfaa kijana huyu mpaka awepo mtu wa kumwandikia.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi hiyo. Kila mwanachama na achague kifaa kimoja, aende kwa fundi amsikilize, aandike kurasa mbili za maelezo, kisha mhadhiri wa fizikia azikague. Orodha za istilahi zimekwisha kuwa nyingi. Kilicho adimu ni maelezo yanayoanza na swali la fundi na kumalizika kwa jibu analoweza kulitumia kesho yake kazini.