Waifai ikigoma, usitosheke na ‘zima, uwashe’

Ukienda kutafuta keja Roysambu, Umoja ama Rongai siku hizi, maswali ni matatu: maji huja siku gani, tokeni ya stima ni ya kila nyumba ama ya ploti nzima, na waifai ya hapa ni ya nani? Miaka 15 iliyopita hilo swali la tatu halikuwepo. Leo kuna vijana ambao wakipata jibu baya hapo, kodi ya mwezi ujao iko mashakani.

Si mchezo. Kuna msee anayejibu wateja wa kampuni ya Marekani usiku kucha. Kuna dada anayenakili sauti za mikutano kwa malipo ya kila dakika. Kuna mwanafunzi anayefanya mtihani akiwa sebuleni. Serikali yenyewe ilituambia kazi iko mtandaoni, ndiyo maana 2016 ikaanzisha Ajira Digital. Tukaenda. Kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikatufuata huko: asilimia 5 ya mapato ya wanaounda maudhui hukatwa kabla hela hazijafika mfukoni. Huduma ya intaneti nayo iliwekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, kando na VAT.

Kwa hivyo linapokuja suala la ushuru, intaneti yako ni kazi. Lakini ikikatika saa nne asubuhi ukiwa katikati ya kikao, ukapigia kastoma kea, jibu ni lile la kila siku: zima ruta, ngoja dakika moja, washa tena.

Wakati mwingine hiyo dawa hufanya kazi, sikatai. Shida yake ni kwamba haikuambii ugonjwa ni upi. Kampuni italaumu ruta yako, fundi atalaumu kuta, landilodi atalaumu kampuni, na wewe utaendelea kulipa. Hoja yangu leo ni hii: katika ubishi wa waifai, mwenye vipimo ndiye mwenye neno. Na kupima hakuhitaji digrii.

Safari ina vipande vinne

Ukibofya kitu kwenye simu, ujumbe wako hupita sehemu nne. Kwanza unaruka hewani kutoka kwa simu hadi kwa ruta. Pili unapita ndani ya ruta yenyewe. Tatu unapitia laini inayotoka nyumbani kwako hadi kwa kampuni. Nne unatoka kwa kampuni kwenda duniani, mara nyingi kupitia kebo zilizolazwa chini ya Bahari Hindi kutoka Mombasa. Hitilafu inaweza kuwa popote hapo, na kila mahali pana mtu tofauti wa kuulizwa.

Pa kuanzia ni hapa. Chukua laptopu, fungua ile sehemu ya kuandika amri, andika ping 192.168.1.1. Ruta nyingine hutumia 192.168.0.1, angalia kibandiko chini ya ruta yako. Hapo unaiuliza ruta kama iko. Kisha andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Ruta ikijibu kwa kusuasua, shida iko ndani ya nyumba. Ruta ikijibu vizuri lakini ile ya nje ikose kujibu, tafuta kosa kuanzia kwenye laini kwenda mbele. Zote mbili zikijibu lakini tovuti hazifunguki, huenda ni ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari ndiyo imelala. Ingia kwenye mipangilio, uweke 1.1.1.1 ama 8.8.8.8 mahali pa DNS, ujaribu tena.

Kelele za ploti

Tuseme kosa liko nyumbani. Unganisha laptopu na ruta kwa waya. Kwa waya mambo yakiwa sawa na bila waya yakwame, basi ni mawimbi ya redio yanayokusumbua.

Fikiria zile ghorofa za Pipeline, mlango kwa mlango, karibu kila mlango na ruta yake. Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na humo kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ni kama steji ambapo makanga 30 wanaita abiria kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeharibika sauti, ni vile hakuna anayesikika. Ndiyo maana saa mbili usiku, watu wakisharudi nyumbani, simu yako huanza kuzungusha duara. Hata maikrowevu hutumia masafa yaleyale, kwa hivyo usishangae jirani akipasha chakula moto nawe uone video ikiganda.

Kuna programu za bure za simu zinazokuonyesha majirani wamejaa chaneli gani. Ingia kwenye ruta, uhamie ile yenye watu wachache. Kama ruta yako ina gigahezi 5, itumie ukiwa karibu nayo. Ina kasi na nafasi zaidi, ila haipendi kupita kwenye kuta za mawe. Ruta nayo iweke juu, katikati ya nyumba. Usiifiche nyuma ya runinga wala ndani ya kabati la chuma. Kama unaishi nyumba ya mabati, kumbuka bati hurudisha mawimbi, kwa hivyo kukaa nje na kutarajia waifai ya ndani ni kujisumbua.

Ukiwa humohumo, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta simu 9 na nyumbani mko wawili, hapo huhitaji fundi, unahitaji paswadi mpya. Na ile paswadi ya kuingilia mipangilio ya ruta ibadilishe pia. Nyingi huachwa zikiwa “admin”, na hiyo kila mtu anaijua.

Ruta yenyewe

Taa zote zikizima kisha zirudi zenyewe, anza na umeme. Angalia adapta. Ukinunua nyingine pale Luthuli Avenue, volti ziwe sawasawa na zile za awali na ampea zisipungue. Adapta dhaifu huifanya ruta ijizime na kujiwasha kila ikibanwa na kazi, halafu unaambiwa intaneti ni mbaya.

Stima yetu nayo unaijua. Mnamo Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilizimika, hadi sehemu ya uwanja wa JKIA ikakaa gizani. Kuna betri ndogo za ruta zinazouzwa siku hizi. Mara nyingi stima ikipotea, laini ya faiba huwa bado iko hai kwa sababu mitambo ya kampuni ina betri zake. Ni kiboksi chako tu kilichokufa. Kwa anayelipwa kwa saa, hiyo betri ni chombo cha kazi kama jembe kwa mkulima.

Na kama kila siku lazima uzime na kuwasha ndipo mambo yaende, hiyo si tiba, ni dalili. Huenda ruta inapata joto kupita kiasi, programu yake ya ndani ni ya zamani, au imezeeka na vifaa vimeizidi nguvu. Kama ni mali ya kampuni, omba wabadilishe.

Hapa ndipo ubishi huanza

Sasa tuseme umepima kwa waya na bado ni mbovu. Angalia taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwako, na uzime ruta mara 100 hautafika. Faiba ni uzi wa kioo. Ukiukunja kwa nguvu nyuma ya kochi, mwanga unapotea. Huko nje nako lori hukokota waya, wajenzi wa barabara huufukua, na wezi huukata wakidhani ni shaba. Ndani ya faiba hakuna shaba ya kuuza, lakini mtaa mzima umeshalala bila intaneti.

Jambo la pili ni msongamano. Uzi mmoja wa faiba kwa kawaida hugawanywa kati ya nyumba nyingi, mara nyingi 32 ama hata 64. Kasi ikiwa safi saa kumi na moja alfajiri na ikaanguka kila saa mbili usiku, hata kwa waya, ruta yako haina kesi ya kujibu. Mmejaa. Ndiyo maana matangazo husema “hadi” megabiti kadhaa. Hilo neno dogo ndilo kampuni hujificha nyuma yake.

Na usichanganye megabiti na megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde kikifanya kazi barabara kinakupa megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, yaani faili ya megabaiti 750 itachukua dakika 10. Ukikosea hapo, utapiga kelele bila sababu na kampuni itakucheka.

La tatu ni siasa za ploti. Kuna mahali landilodi anaruhusu kampuni moja tu kuvuta waya. Kuna mahali mtu wa kati analipia laini moja na kuigawa kwa milango 10. Wengine husema suluhisho ni setilaiti. Sawa, lakini Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023 ilipokelewa kwa shangwe, na kufikia Novemba 2024 ilikuwa imesimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Ilifungua tena 2025. Hata ya angani hujaa.

Halafu kuna bahari. Kebo za kwanza kubwa, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa 2009. Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Kenya ikahisi. Siku kama hiyo, kubadilisha chaneli ni kupoteza muda wako.

Na kumbuka Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Intaneti ilishuka nchini na kampuni zikataja hitilafu ya kebo za baharini. Vijana wengi hawakuamini. Lakini tuliweza kujadili jambo hilo kwa ushahidi kwa sababu mashirika kama NetBlocks yalikuwa yamepima na kuonyesha mtandao ulishuka lini. Bila vipimo, ingebaki neno lako dhidi ya neno la kampuni. Na nyumbani kwako ni vivyo hivyo.

Weka rekodi

Chukua wiki moja. Pima kasi kwa waya mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Piga picha ya skrini, saa ionekane. Andika taa zilikuwaje na ping ilisemaje. Kisha ulizia kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti. Milango saba ikikatika saa mbili na dakika kumi, hiyo si ruta ya mtu.

Ukipiga simu, usimtukane anayepokea. Ni kijana kama wewe, anasoma alichoandikiwa. Mwambie hivi: “Ruta inajibu, laini ya nje haijibu, LOS ni nyekundu tangu jana saa tatu asubuhi, na majirani sita wako hivyo hivyo.” Utaona mazungumzo yakibadilika. Omba nambari ya malalamishi na uihifadhi, kisha dai siku ulizokaa gizani ziongezwe kwenye kifurushi.

Wakikuzungusha, andikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, uambatishe rekodi zako na ile nambari. Huombi hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Sheria hizo zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mlalamishi mwenye karatasi mkononi.

Najua utasema kampuni nazo zina mizigo yao: wezi wa waya, ushuru, lipa hii lipa ile. Ni kweli. Lakini kodi ya nyumba yako haikusubiri waya ushonwe, na mteja wako wa ng’ambo hajui LOS ni nini. Anachojua ni kwamba hukuonekana kwenye kikao.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujapiga simu kwa hasira, piga ping mbili. Moja kwa ruta, moja kwa dunia. Ukishajua ni ipi iliyonyamaza, utajua ni nani wa kuulizwa.