Mirangi Iko Kwale, Rangi Twaagiza Ng'ambo

Ndugu zangu wa Mombasa, mpishi wa mabuyu akishaosha sufuria yake jioni, yale maji mekundu huenda wapi? Mtaroni. Na mitaro yetu mingi haipiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha maji. Huteremka moja kwa moja hadi baharini.

Unga mwekundu unaotiwa kwenye mabuyu, na ule wa manjano tunaoutia kwenye biriani na viazi karai, asili yake ni mafuta yachimbwayo ardhini. Tartrazini, rangi ya manjano, na jamaa zake hutengenezwa makusudi zisipauke kwa jua, moto wala ndimu. Sifa hiyo humpendeza mchuuzi, lakini huisumbua bahari: rangi hukawia majini, ikizidi huunyima mwani mwanga, na ikivunjika ndani ya tope lisilo na hewa inaweza kuacha kemikali zenye sumu kuliko yenyewe. Sufuria moja haina neno. Mitaa mizima kila siku, pamoja na viwanda vya peremende na soda, hapo pana neno.

Sisemi rangi za mimea hazina lawama. Zinataka shamba na maji, na makapi yake yakirundikwa mtoni huwamalizia samaki hewa. Ila vijidudu huyala yakaisha.

Nasi mimea hiyo tunayo! Kwale na Lamu kuna wakulima wa mirangi, ambayo wengine huiita mizingefuri. Mbegu zake huuzwa nje, zikatiwa kwenye siagi na jibini za watu, huku sisi tukinunua vikopo vya kemikali. Mimi naona ni aibu.

Basi wapishi, zipasheni mbegu za mrangi katika mafuta kwa moto mdogo, mchuje. Mafuta hayo yatoshe biriani na viazi. Mabuyu yapakwe shira ya rozela, ukali wake unaelewana na ubuyu. Anayebaki na unga wa dukani asuuze sufuria kwa maji kidogo, ayahifadhi vizuri, ayatumie kwenye shira ya kesho. Wazazi, tusiyakatae mabuyu kwa kuwa hayang'ai, maana mchuuzi hupika tunachonunua.

Na tukusanye saini, mtaa kwa mtaa, tupeleke ombi rasmi kwenye bunge la kaunti: mbegu za mrangi zipate meza kwenye soko la Kongowea, mkulima wa Kwale asitegemee wanunuzi wachache wanaouza nje, na kila kiwanda cha vyakula kipimwe maji yake kabla hayajamwagwa.