Usizime Taa, Rekebisha Kosa

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata wiki hii, lakini litangoja kidogo. Leo naandika kuhusu gari. Waliokuja kutafuta PHP wanisamehe, ingawa wakivumilia mpaka mwisho wataona ni jambo lile lile.

Nina gari dogo la mwaka 2007. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, likapita mikononi mwa watu wawili hapa Nairobi kabla ya kunifikia. Nilipolinunua nilimlipa mtu alikague. Akaniletea karatasi yenye visanduku: breki, tiki. Magurudumu, tiki. Taa za onyo kwenye dashibodi, tiki. Kitu kimoja tu kilinichekesha: honi haikuwa kwenye usukani. Ilikuwa imehamishiwa kwenye kitufe kidogo chini ya dashibodi, kama kengele ya mlango. Nikasema, gari kuukuu halikosi vituko.

Miezi minane baadaye balbu za dashibodi zikaanza kufifia. Mimi ni mtu wa kupenda kufungua vitu, kwa hivyo Jumamosi moja nikatoa dashibodi ili nibadilishe balbu mwenyewe. Nyuma yake nikakuta kipande cha waya ambacho hakikutoka kiwandani. Mtu alikuwa amekata njia ya taa ya mfuko wa hewa, ile yenye picha ya mtu na mpira mbele yake, akaiunganisha na taa ya betri. Ukiwasha gari taa zote mbili zinawaka, injini ikinguruma zote mbili zinazimika. Ukitazama juu juu huna la kushuku.

Nikalipeleka kwa fundi wa umeme wa magari mwenye mashine inayoweza kusoma kompyuta ya mifuko ya hewa. (Kile kidude cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu, mara nyingi husoma injini tu.) Jibu likaja: mzunguko wa umeme wa mfuko wa dereva umekatika. Ndani ya usukani kuna utepe wa nyaya uliojikunja kama utepe wa saa, ili umeme uweze kupita huku usukani ukizunguka. Utepe huo ulikuwa umekatika. Na unajua ni nini kingine hupitia hapo? Honi.

Yaani kosa lilikuwa moja. Badala ya kulirekebisha, mtu alihamisha honi, kisha akaifunga mdomo taa. Sisi watengenezaji wa programu tunamjua mtu huyu. Ndiye anayekamata kosa kwenye msimbo wake halafu anaacha bloku tupu, hakuna logi, hakuna ujumbe, mteja anaona kila kitu shwari. Mpaka siku ya siku.

Kilichoniuma si gari. Siku za kazi dada yangu ndiye huliendesha, akipeleka watoto shule. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo ile taa ilikuwa inanidanganya kila asubuhi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia gari liko sawa.

Tuelewane jinsi mfumo huu unavyofanya kazi. Kila unapofungua swichi, kompyuta ya mifuko ya hewa inajipima. Inapitisha umeme mdogo sana kwenye kila mzunguko na kuangalia kama ukinzani uko sawa. Taa inawaka kwa sekunde chache, kwa magari mengi ya Kijapani kama 6 hivi, kisha inazimika yenyewe. Ikibaki inawaka, maana yake kuna hitilafu na huenda mifuko isifunguke siku ya ajali. Katika magari mengi, hata kile kifaa kinachokaza mshipi wakati wa kugongana kinaamrishwa na kompyuta hiyo hiyo.

Kwa hivyo jaribu hivi leo jioni. Fungua swichi bila kuwasha injini, halafu hesabu. Taa isipowaka kabisa, shuku. Ikiwaka na ikakataa kuzimika mpaka uwashe injini, shuku zaidi. Gari langu lingekamatwa kwa sekunde 10 tu kama yule mkaguzi angengoja kabla ya kuandika tiki yake.

Sasa maoni yangu. Kwenye ukaguzi wa magari, taa ya mfuko wa hewa ipimwe kikamilifu: iwake, na izimike yenyewe injini ikiwa haijawashwa. Tangu Februari 2017, huko Japani tunakotoa magari yetu mengi, gari likifika kwenye ukaguzi na taa hii ikiwa inawaka halikaguliwi mpaka litengenezwe. Tangu Oktoba 2024 wamekwenda mbele zaidi, na kwa magari ya miundo mipya wanaunganisha mashine na kusoma hitilafu zilizohifadhiwa. Uingereza nako, taa hiyo ikionyesha hitilafu gari linaanguka mtihani. Sheria yetu ya NTSA ya mwaka 2012 inataka magari yaliyozidi miaka minne tangu kuundwa yakaguliwe. Vizuri. Lakini tukikagua tuangalie kinachookoa maisha, si kupiga tiki.

Fundi mmoja alinipinga. "Magari ya zamani hayakuwa na mifuko ya hewa na watu walifika." Kweli, lakini gari lisilo nayo halidanganyi mtu. Mwenye gari hilo anajua kinga yake ni mshipi na mwendo wa pole. Langu liliahidi kitu ambacho hakikuwepo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mwenye gari kuukuu hana pesa, na ukimwangusha kwenye ukaguzi atalipa kitu kidogo apite, au atatafuta mtu wa kumzimia taa. Hapa nakubali. Ndiyo maana napendekeza tutofautishe makosa mawili. Mwenye taa inayowaka amekuja na ukweli. Apewe muda, tuseme siku 60, atengeneze na kurudi bila kulipa upya. Mwenye taa iliyozimwa kwa hila, au mwenye kipande cha ukinzani kilichochomekwa mahali pa mfuko ili kompyuta idhani upo, huyo ndiye aanguke papo hapo. Ukimwadhibu anayeripoti hitilafu sawa na anayeificha, hutapata ripoti tena. Yeyote aliyewahi kuongoza timu ya programu anajua hilo.

Tena mara nyingi si gharama kubwa. Huenda ni plagi ya manjano chini ya kiti iliyolegea, au betri iliyochoka. Utepe wangu, wa kutoka gari lililobomolewa, ulinigharimu shilingi 5,000 pamoja na kazi. Honi imerudi mahali pake. Ila usijaribu mwenyewe kwa kufuata maneno ya mtu wa kompyuta kama mimi! Betri hutolewa kwanza na kungojewa, na kupima mfuko kwa mita ya kawaida kunaweza kuulipua usoni mwako.

Na taa si nabii. Mifuko ya Takata, ile iliyorudishwa kwa mamilioni duniani, kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi (watu wa Mombasa, sikieni), na taa haisemi lolote. Imeua zaidi ya watu 20 Marekani pekee kwa kurusha vipande vya chuma. Hiyo utaijua kwa kutafuta nambari ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni iliyounda gari lako. Fanya hivyo pia.

Logi haikuonyeshi kila kitu. Lakini kile kidogo inachokuonyesha, usikifute.

Haya, nendeni mkahesabu sekunde, kisha mniambie mmekuta nini. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.