MAMBO YA SHULE: Mkuu Aondokapo

Mwezi huu twataka kusema na walimu na wazazi, na hasa wazee wa bodi za shule zetu za Kilutheri, juu ya kuondoka kwa mkuu wa shule.

Twaijua shule moja, jina lake tutalificha. Mkuu wake alihamishwa ghafula, akaenda na daftari ya ada pamoja na mizigo yake. Si kwa wizi, ila daftari ile ilikuwa kama mali yake siku zote. Mjane mmoja aliyekwisha kulipa akadaiwa mara ya pili, naye stakabadhi hana. Mtoto wake alikaa nyumbani majuma matatu. Mkuu mpya hakuwa mtu mkali; hakujua tu, wala hapakuwa na wa kumwambia.

Dawa ya jambo hili i karibu nasi, lakini tumezoea kuiogopa, nayo ni ukaguzi. Mwongozo wa serikali wa uthibiti ubora wa mwaka 2017 huitazama shule katika maeneo sita, na uongozi ni mojawapo. Tena shule hutakiwa kujipima yenyewe. Wako walimu waandikao taarifa hiyo usiku wa kuamkia siku ya wageni, kisha huifungia kabatini. Hasara iliyoje! Taarifa iliyoandikwa kwa kweli ndiyo barua ya kumkaribisha mkuu ajaye: imo ada iliyolipwa, yamo madeni, wamo watahiniwa walioandikishwa, limo na paa livujalo.

Ndugu zetu wa Sinodi ya Missouri huko Marekani wanacho chombo chao cha kuzipa shule za Kilutheri ithibati, yaani ushuhuda ya kwamba shule yastahili kuaminiwa. Shule hujichunguza kwanza kwa maandishi, ndipo wageni huja kuhakikisha. Mkuu akiondoka, maandishi hubaki.

Wala mtu asiseme kwamba ukaguzi ni jambo geni kwa Walutheri. Mwaka 1528 Philipp Melanchthon aliwaandikia wakaguzi wa makanisa ya Saksonia maagizo yao, na shule zimo. Luther mwenyewe alikwenda kukagua, na ujinga aliouona ulimsukuma kuandika Katekisimo Ndogo ya 1529.

Na watu wa Butiama wanao mfano nyumbani kwao. Mwalimu Nyerere aliutoa urais mwaka 1985 akiwa hai na mwenye nguvu, hata aliyempokea aliweza kumwuliza. (Uenyekiti wa chama aliushika mpaka 1990, wakuu wetu wanaostaafu wasiige sehemu hiyo.)

Basi shauri letu ni hili: mkuu atokaye na mkuu aingiaye wakae pamoja, taarifa ikiwa mezani, mbele ya bodi yote, kama Musa alivyomsimamisha Yoshua mbele ya Eleazari kuhani na mkutano wote. Daftari zihesabiwe, funguo zitolewe, wote watie sahihi. Tena meneja wa shule akibadilika, Sheria ya Elimu ya 1978 yataka huyo mpya athibitishwe na serikali, barua isicheleweshwe.

Walimu wa Musoma na Bunda wanaotazamia kuhamishwa mwisho wa mwaka na waanze Septemba, maana Novemba ni mtihani wa kidato cha nne, wala hapana atakayepata nafasi ya kuhesabu madawati.