Kiwanda cha Juba kilifungwa, je, bia yake yaweza kupikwa nyumbani?

VURRA — Bia ikipotea sokoni, wanywaji huuliza iko wapi. Wafanyabiashara huuliza swali jingine: nani atajaza pengo lake, na mzigo wake utapita njia gani?

Katika ukanda huu wa Vurra, Arua na Koboko, mfano ulio karibu zaidi ni White Bull. Bia hiyo ilipikwa Juba na kampuni ya Southern Sudan Beverages, tawi la SABMiller, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2009. Hakukuwa na kiwanda kingine cha bia nchini humo, na kufunguliwa kwake kulikuwa jambo kubwa katika eneo ambalo Khartoum ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu mwaka 1983. Mapema mwaka 2016 kampuni ilitangaza kwamba inasimamisha upikaji. Sababu ilikuwa moja: dola za kununulia malighafi zilikosekana.

Marekani nako yametokea ya namna hiyo. Julai 2023 kampuni ya Anchor ya San Francisco, iliyoanza mwaka 1896, ilitangaza kufunga. Wapika bia wa majumbani waligeukia sufuria zao ili wasiikose Anchor Steam. Je, mpishi wa Arua au Koboko anaweza kufanya hivyo kwa White Bull?

Hesabu ya mzigo

Kwa lita 20 za bia ya kawaida, mpishi wa nyumbani anahitaji kilo 4 hadi 5 za kimea cha shayiri, gramu 20 hadi 30 za hopsi na pakiti ndogo ya hamira ya bia. Maji yapo. Kwa hesabu hiyo tani moja ya kimea hutoa zaidi ya lita 4,000, yaani zaidi ya kreti 300 za chupa 25 za nusu lita. Kreti hizo zikipakiwa zimejaa zinapita tani 6, na karibu nusu ya uzito huo ni chupa na kreti zenyewe.

Hapo ndipo ilipo faida ya kupika karibu na mnywaji: lori hubeba kimea badala ya maji na vioo. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kiwanda kinajengwa Juba, mji ulio mbali na bandari. Inaeleza pia kwa nini kilikwama. Mwenye lori la bia akikosa dola huahirisha safari moja. Kiwanda hakina nafasi hiyo, kwani mitambo na mishahara vinadai kila mwezi, huku kimea, hopsi na vipuri vikilipiwa kwa fedha za kigeni. Desemba 2015 pauni ya Sudan Kusini iliachwa ielee, na kwa siku moja ikatoka karibu 3 kwa dola hadi zaidi ya 18. Kampuni ilikuwa imejaribu kununua mihogo kwa wakulima wa nchini ili kupunguza uagizaji, lakini mihogo haikuziba pengo la dola.

Kinachowezekana jikoni

Wanawake wa West Nile wanapika kwete tangu zamani. Unga wa mahindi huchachushwa, hukaangwa, kisha huchanganywa na maji na kimea cha ulezi. Baada ya siku mbili au tatu kinywaji kiko tayari, na kisiponyweka mapema huharibika. Ujuzi wa kuotesha nafaka na kuchachusha upo, kwa hiyo hatua ya kwanza imekwisha kupigwa.

Tofauti inaanzia kwenye baridi. Bia ya aina ya lager huchachuka kwenye nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, kisha hulazwa kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri. Bila jokofu lenye umeme wa uhakika, mpishi atapata bia, lakini ladha yake itakuwa nyingine.

Tatizo la pili ni hamira. Bia ya kiwandani huchujwa na kupashwa moto kabla ya kuuzwa, hivyo hata anayehifadhi chupa ya zamani hana hamira hai ya kuotesha. Wapika Anchor wana bahati hapo: mapishi ya bia ya namna hiyo yamechapishwa kwa miaka mingi, na hamira yake huuzwa kwa pakiti. White Bull haina urithi huo. Mwenye kujaribu atakisia kwa ulimi.

Tatu ni malighafi. Uganda inalima shayiri Kapchorwa na Bukwo, na mtama wa Epuripur ulizaa Eagle Lager mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hopsi hutoka ng'ambo, lakini ni nyepesi, na kilo moja inatosha mapipa mengi. Kizuizi basi ni kimea na baridi, wala si nauli.

Sheria na hatari

Kupika kwa ajili ya familia ni jambo moja, kuuza ni jingine. Anayeuza chini ya jina White Bull anagusa alama ya biashara ya mtu mwingine, na Uganda ina sheria ya alama hizo tangu mwaka 2010. Anayevusha mpaka bia isiyo na ushuru wa bidhaa wala nembo ya ubora anahatarisha mzigo mzima, pamoja na lori.

Hatari kubwa zaidi ni ya afya. Pombe ya kuchachusha kama kwete au bia haifanani na pombe ya kukenekwa. Agosti 2022 watu wapatao 10 walipoteza maisha Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa jini yenye sumu. Vifuko vya pombe kali vimepigwa marufuku Uganda tangu mwaka 2019, na kukeneka bila leseni kunakatazwa tangu miaka ya 1960. Msafirishaji anayepokea madumu kwa neno la mdomo tu kwamba ni pombe ya nyumbani hajui amebeba nini.

Somo kwa wenye mizigo

Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, imerahisisha safari. Sudan Kusini na Kongo zimeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya kwanza mwaka 2016 na ya pili mwaka 2022. Hata hivyo lami na uanachama havileti dola mkononi mwa mnunuzi wa Juba au Ariwara.

Kufungwa kwa kiwanda cha Juba kunafundisha kwamba soko la kiu halitoshi. Anayeuza kwa mkopo katika pauni na kununua tena kwa shilingi au dola amebeba hatari ileile iliyoangusha kiwanda kizima, tena bila mtaji wa SABMiller. Kreti zinazobaki upande wa pili ni fedha zilizolala. Mwenye busara huweka amana ya chupa kwenye bei, hufupisha muda wa mkopo, na huuliza kiwango cha kubadilisha fedha kabla ya kuuliza bei ya dizeli.

Mpishi wa nyumbani, kwa upande wake, huenda asipate White Bull. Lakini akipika bia yake kwa mtama na mihogo ya jirani, akaipa jina lake na kulipa ushuru wake, kukosekana kwa dola hakutamfungia jiko.