Bonsai: faida imo katika matunzo, si katika mti

Kila inapotangazwa bei kubwa ya mti mmoja wa bonsai, wenye mitaji midogo huingiwa na tamaa. Mwaka 2011, katika maonyesho yaliyofanyika mjini Takamatsu, Japani, msonobari mmoja uliwekwa sokoni kwa yeni milioni 100. Wengi waliosikia habari hiyo walipiga hesabu nyepesi: mche ni rahisi, chungu ni kidogo na maji ni ya bomba, hivyo kinachohitajika ni subira tu. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, bei inayotajwa na muuzaji si bei iliyolipwa na mnunuzi. Pili, subira peke yake haijapata kutengeneza bonsai hata mmoja.

Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida, kama msonobari au mreteni, ambao ukipandwa shambani hurefuka kwa mita nyingi. Udogo wake unatokana na mkono wa mtunzaji, ambaye hukata mizizi, hupogoa matawi na kuyakunja kwa waya, mwaka hadi mwaka. Anayenunua mti wa miaka 50 kwa hakika ananunua misimu ya kazi ambayo haikurukwa. Hiyo ndiyo bidhaa, na ndiyo inayopaswa kupigiwa hesabu.

KALENDA HAINA LIKIZO

Msonobari mweusi wa Japani ni mfano mzuri. Baridi inapokwisha, mnamo Machi, kabla machipukizi hayajaanza kurefuka, ndipo mti hutolewa chunguni, sehemu ya mizizi hukatwa na udongo hubadilishwa. Mti mchanga hufanyiwa hivyo kila baada ya miaka michache, na mti mzee husubiri zaidi. Kisha hulishwa mbolea kwa wingi, mara nyingi ya mashudu ya mbegu za mafuta, ili uwe na nguvu ya kuhimili kazi ya kiangazi.

Kazi hiyo huja kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai. Machipukizi yote mapya hukatwa, na mti hulazimika kutoa mengine ambayo majani yake huwa mafupi, kwa kuwa siku za joto zilizobaki ni chache. Hapa tarehe ni fedha. Ukikatwa mapema mno, majani hurefuka na umbo huharibika. Ukichelewa, machipukizi hayakomai kabla ya baridi. Mti dhaifu haukatwi kabisa mwaka huo. Majira ya kupukutika majani yakifika, majani ya zamani hupunguzwa ili mwanga uingie ndani, na wakati wa baridi matawi hufungwa waya.

Maji nayo hayangoji msimu. Katika joto la kiangazi chungu kidogo huweza kukauka kwa siku moja. Wajapani wana msemo kwamba kujifunza kumwagilia maji pekee huchukua miaka mitatu. Si ajabu basi kwamba mwanagenzi katika kitalu cha bonsai kwa kawaida hukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kujitegemea.

HASARA YA MSIMU MMOJA

Mfanyabiashara wa mahindi akikosa msimu, hupoteza mavuno ya mwaka mmoja. Mwenye bonsai akikosa msimu, hasara inaweza kurudi nyuma hadi kwenye kazi ya miaka mingi. Waya uliosahauliwa hula gome na kuacha kovu lisilofutika upesi. Matawi ya chini yakinyimwa mwanga hukauka, na kwenye msonobari tawi la zamani lililokufa si rahisi kulirudisha. Mizizi ikijaa chunguni, maji hayapenyi tena.

Mali ya namna hii haifungiwi kabatini kama dhahabu. Januari 2019, katika Mkoa wa Saitama, bonsai saba ziliibwa katika bustani moja. Thamani yake ilitajwa kuwa si chini ya yeni milioni 13, na mmoja wa miti hiyo ulikuwa mreteni wa miaka ipatayo 400. Wenye mali walitoa ombi hadharani kwamba aliyeichukua aimwagilie maji, kwa kuwa mreteni huo usingemaliza wiki bila maji. Mwekezaji anapaswa kulitafakari ombi hilo. Mali iliyoibwa ilikuwa ikielekea kufa mikononi mwa mwizi, kwa sababu thamani yake haikuwa katika shina peke yake.

RIBA NAYO HUKUA

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu ananunua mti kwa shilingi 100,000 kwa fedha ya mkopo wenye riba ya asilimia 15 kwa mwaka, akikusudia kuuza baada ya miaka 10. Iwapo riba itajumlishwa kila mwaka, siku ya kuuza atahitaji takriban shilingi 405,000 kulipa mkopo huo tu. Akingoja miaka 20, atahitaji zaidi ya shilingi milioni 1.6. Hapo hajahesabu maji, mbolea, waya, udongo, kibarua wala miti iliyokufa njiani. Mti hukua polepole. Riba haina kiangazi wala baridi. Biashara hii haifai kuendeshwa kwa mkopo wa kawaida wa benki.

Wanaoishi kwa bonsai wanaifahamu hesabu hiyo. Vitalu vya Japani havikai vikingoja mti mmoja wa ajabu. Vingi hupata fedha ya kila mwezi kwa kutunza miti ya wateja, kubadili udongo, kufunga waya na kufundisha. Takamatsu, inayozalisha takriban asilimia 80 ya misonobari ya bonsai ya Japani, imejijengea jina kwa kuikuza kwa wingi mashambani na vitaluni. Faida ya uhakika iko kwa mwenye ujuzi anayeuza kazi yake kila msimu, na mti mkubwa ni akiba ya ziada.

Hata huko, kazi hii haijinusuru yenyewe. Kijiji cha bonsai cha Omiya kilianzishwa mwaka 1925 na watunza bustani waliohama Tokyo baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1923. Sharti mojawapo la wakazi lilikuwa kila mmoja awe na bonsai zisizopungua 10. Katika miaka ya 1930 vitalu vilikuwa takriban 30. Leo havifiki 10. Miti ipo na wanunuzi wapo. Kinachopungua ni mikono ya kurithi.

SOKO LA NJE LINA MASHARTI

Anayedhani atakimbilia soko la nje naye asome masharti. Umoja wa Ulaya ulifungua mlango kwa msonobari mweusi wa Japani mwaka 2020, lakini bonsai hizo sharti zitunzwe miaka miwili mfululizo katika vitalu vilivyosajiliwa, zikaguliwe mara kwa mara, na vyungu vikae kwenye rafu zilizoinuliwa kutoka ardhini. Hiyo ni miaka miwili ya gharama kabla ya senti ya kwanza kuingia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki lipo jambo jingine. Msonobari huo huhitaji mapumziko ya baridi, na joto la Dar es Salaam au Mombasa haliyatoi. Jamii ya mikuyu huvumilia joto zaidi, lakini ustahimilivu wa mti hauleti mnunuzi.

Ushauri kwa mwenye akiba ndogo ni huu: kabla ya kununua bonsai, au mali yoyote inayohitaji kulishwa, aulize kwanza gharama ya matunzo ya mwaka na nani atakayeifanya kazi hiyo siku asipokuwepo. Muuzaji asiyeweza kujibu anauza nusu ya bidhaa. Na mwenye fedha asiye na muda wala mkono wa kazi hiyo, heri aajiri mwenye ujuzi au apeleke fedha zake kwingine.